Ukurasa wa Hulda Obiero

Hulda Obiero alikuwa fundi wa masweta. Aliishi Langas, mjini Eldoret, katika nyumba ya mabati yenye vyumba viwili. Chumba kimoja kilikuwa cha kulala. Cha pili kilikuwa na meza ndefu, na juu ya meza kulikuwa na mashine ya kufuma. Akivuta kichwa cha mashine kwenda kulia, kililia krrr. Akikirudisha kushoto, kililia tena. Majirani walizoea kuamka kwa mlio huo.

Mumewe, Jackson Obiero, alikuwa dereva wa lori. Alipeleka mizigo Malaba na ng'ambo ya mpaka, na mara nyingine hakuonekana nyumbani mwezi mzima. Binti yao Seline alikuwa darasa la tatu. Hapo Langas hakuna aliyemwita Hulda kwa jina lake. Wote walimwita Mama Seline. Jina la Hulda Obiero lilijulikana mbali, kwa wakulima wa Moiben na walimu wa Kimumu waliomletea kazi. Kila sweta alilouza alilifungia kikaratasi chenye jina hilo, ameliandika mwenyewe kwa kalamu.

Kikaratasi hicho kilikuwa fahari yake. Hulda hakusoma utotoni. Alijifunza akiwa mtu mzima, katika darasa la ngumbaru la Mwalimu Jemutai, kila Jumanne na Alhamisi alasiri, ndani ya kanisa. Sasa aliweza kusoma polepole, kidole kikifuata herufi.

Mwaka ulikuwa 1987. Mwezi wa saba ulikuja na baridi kali. Kila asubuhi ukungu ulishuka juu ya Langas na kukaa mpaka saa nne. Watu walipita njiani kama vivuli bila nyuso. Huo ndio msimu wa masweta, na kila mwaka Hulda alikosa hata nafasi ya kunywa chai.

Lakini mwaka huo wateja walikatika. Hawakupungua kidogo kidogo. Walikatika kama uzi. Wiki moja hakuja mtu. Wiki ya pili hakuja mtu. Mama Kipyego wa Moiben, aliyeagiza masweta manne ya watoto wake, hakuja kuyachukua. Yalibaki yamekunjwa juu ya meza.

Jumatano moja Hulda alikwenda sokoni mjini. Ukungu ulikuwa mzito. Karibu na lango alimwona mwanamke ameinama juu ya kikapu cha viazi. Alimtambua kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Mama Kipyego!" aliita. "Masweta yako yako tayari. Mbona umepotea?"

Mwanamke alinyanyuka, akageuka. Mdomo wake ulifunguka, ukabaki wazi. Hulda alimnyooshea mkono. Mama Kipyego aliutazama ule mkono, hakuushika.

"Wewe ni nani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Si mimi Hulda?"

"Hapana." Mama Kipyego alianza kurudi nyuma. "Hapana, mama. Rudi polepole huko ulikotoka. Mimi sikukukosea kitu."

Alirudi kinyumenyume, hatua baada ya hatua, bila kumpa Hulda mgongo, mpaka ukungu ukamfunika. Kikapu cha viazi kilibaki chini.

Hulda alisimama pale, mkono bado uko hewani. Baadaye aliingia dukani kwa Githinji, alikonunua uzi siku zote. Githinji alikuwa amemwekea uzi wa bluu tangu mwezi wa tano.

"Nimekuja kuchukua uzi wangu," Hulda alisema.

Githinji alikuwa akifunga bunda kwa kamba. Mikono yake ilisimama. "Ule uzi niliupatia mtu mwingine."

"Kwa nini? Si tuliongea?"

"Nilisikia maneno fulani."

"Maneno gani?"

Githinji alimtazama miguu, kisha uso, kisha miguu tena. "Wacha tu, mama. Hii maneno si ya mimi kusema." Akaingia chumba cha nyuma, na hakutoka tena.

Ijumaa asubuhi Hulda alifungua mlango akakuta furushi kizingitini. Ndani yake mlikuwa na sukari na majani ya chai, vimefungwa vizuri kwa leso safi. Hakukuwa na mtu. Nyayo za viatu kwenye matope zilikuja mpaka mlangoni, kisha zikarudi, na kati ya nyayo za kurudi palikuwa na nafasi kubwa. Aliyeleta alikuwa ameondoka akikimbia.

Hulda alijua maana ya furushi kama hilo. Vitu vya namna hiyo hupelekwa nyumba yenye msiba. Moyo wake ulikwenda kwa Jackson. Alikimbia mpaka kwa jirani yake Nduta, aliyekuwa akichemsha maziwa.

"Nduta, kuna habari ya Jackson? Kuna lori limeanguka?"

"Sijasikia, Mama Seline. Jana tu dereva mwingine alisema walikunywa chai pamoja Malaba. Kwani kuna nini?"

Hulda alirudi nyumbani akiwaza. Kama si Jackson, basi msiba ulikuwa wa nani?

Jumatatu Seline alitoka shule kimya. Hakutaka chakula. Alimshika mama yake mkono akamtoa nje, uani, mahali pasipo na paa. Mawingu yalikuwa yamelala chini siku hiyo, na mwanga ulikuwa wa kijivu. Seline alitazama ardhi nyuma ya mama yake. Akazunguka, akatazama upande wa pili. Akaanza kulia.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Kivuli chako," Seline alisema. "Kuna msichana ametoka Moiben, amekuja kuishi kwa shangazi yake. Amesema mamake Seline alikufa. Amesema huyu aliye nyumbani si mama. Ati nikuangalie kama una kivuli. Mama, huna!"

Hulda alitazama chini. Kweli, hakukuwa na kivuli. Hata Seline hakuwa nacho, wala mti wa uani. Hakuna chenye kivuli siku ya mawingu. Alimwambia hivyo binti yake, akamkumbatia mpaka akatulia. Lakini usiku Seline alipolala, Hulda mwenyewe alijishika shingo kwa vidole viwili, akitafuta mapigo ya damu. Aliona haya kwa kufanya hivyo, lakini alifanya.

Kesho yake alirudi sokoni. Alikuwa ameamua kumpata Mama Kipyego na kumuuliza ana kwa ana. Hakumpata. Lakini karibu na lango, mahali palepale viazi vilipobaki, aliona ukuta umebandikwa karatasi nyingi. Siku ile ya kwanza ukungu uliuficha ukuta huo. Karatasi moja ilikuwa imelowa mvua na kukauka tena. Wino ulikuwa umechuruzika chini kama machozi. Hulda aliweka kidole chake.

"Ta-nga-zo la m-si-ba," alisoma.

Akaenda mstari wa pili.

"Hu-l-da O-bi-e-ro..."

Kidole kilisimama. Alirudi mwanzo wa mstari. Labda alikosea herufi. Hakukosea. Jina hilo aliliandika kila siku, alilijua kuliko jina lolote.

"Hulda Obiero wa Eldoret a-me-fa-ri-ki."

Chini yake kulikuwa na maneno ya mazishi, lakini mvua ilikuwa imeyala. Hakukuwa na tarehe inayosomeka. Hakukuwa na jina la aliyeandika.

Watu walipita nyuma yake wakiongea bei ya mboga. Mtu alicheka. Hulda alisikia sauti hizo kama zinatoka mbali, kama amewekwa upande mwingine wa ukuta. Kwa mara ya kwanza tangu aanze ngumbaru alitamani kama asingejua kusoma.

Ilikuwa Jumanne. Alikwenda moja kwa moja kanisani. Wanafunzi wengine walikuwa hawajafika. Mwalimu Jemutai alikuwa akifuta ubao.

"Mwalimu, tafadhali twende pamoja sokoni. Kuna karatasi. Nataka uniambie kama nimeisoma vibaya."

Jemutai alimwona uso wake, akaweka chini kitambaa cha ubao. Walitembea mpaka sokoni. Mbele ya ukuta mwalimu alisoma mara moja, akasoma mara ya pili.

"Umesoma vizuri, Mama Seline," alisema taratibu. "Leo ningefurahi kama ungekosea."

"Basi mimi ni nani?"

Jemutai alimshika bega, akalibonyeza kwa nguvu, kama anayejaribu uimara wa kiti. "Wewe ni Hulda, mwanafunzi wangu. Na huyu ni Hulda mwingine. Eldoret ni kubwa, na jina la Obiero ni la watu wengi. Angalia hii karatasi imesema nini. Imesema jina, imesema mji, imesema amefariki. Imesema alikuwa binti wa nani?"

"Hapana."

"Imesema alifanya kazi gani, aliishi mtaa gani?"

"Hapana."

"Aliyeandika alikuwa na uchungu. Hakukumbuka hayo. Sasa kila mtu anayesoma anajaza mwenyewe mahali palipobaki wazi. Watu wa Moiben wanajua Hulda Obiero mmoja tu. Wamekujaza wewe."

"Na hapa Langas mbona hakuna aliyeniambia?"

"Langas wanajua Mama Seline. Hulda hawamjui."

Hulda alinyoosha mkono aichane karatasi. Jemutai alimzuia.

"Usiichane. Huyo ni marehemu wa watu. Iache hapo. Wewe tengeneza ukurasa wako mwenyewe, uubandike kando."

"Si afadhali niende nikaongee nao?"

"Utaongea na nani, na wakikuona wanarudi kinyumenyume? Mtu anaogopa kukuona wewe. Karatasi haiogopi. Atasimama, atasoma kwa nafasi yake, hakuna anayemwangalia. Ukurasa utafika kwake kabla yako."

Alasiri hiyo, darasa lilipoisha, walibaki wawili. Jemutai alimpa karatasi na penseli. Hulda aliinama, akaandika kwa muda mrefu, akamsukumia mwalimu. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MIMI HULDA OBIERO SIJAFA.

Jemutai hakucheka. "Ungekuta hii ukutani, peke yako, asubuhi ya ukungu, ungefanya nini?"

Hulda alifikiri. "Ningekimbia."

"Sasa tuanze upya. Msomaji akimaliza kusoma, unataka afanye nini?"

"Aje nyumbani. Aagize sweta."

"Basi anza na sweta. Mtu aliyekufa hafumi sweta. Watajua wenyewe kwamba uko hai, bila wewe kupiga kelele."

Hulda aliandika kwamba anafuma masweta ya shule na ya watu wazima. Jemutai aliuliza maswali, na kila jibu likawa mstari. Anafuma kwa siku ngapi? Mteja alete uzi, au uzi uko? Anafanya kazi siku gani? Walipofika mahali pa kumpata, Hulda aliandika neno moja: Langas.

"Langas ni kubwa," Jemutai alisema. "Mimi ni mgeni, nimeshuka stendi. Niende wapi?"

"Ufuate njia ya kinu cha kusaga mahindi."

"Halafu?"

"Ukipita kinu, nyumba ya tatu mkono wa kulia. Mlango wa kijani. Utasikia mashine."

"Andika hivyo hivyo. Hata hiyo ya kusikia mashine. Na chini weka tarehe ya leo. Ukurasa bila tarehe hauzeeki na haufi. Unakaa tu ukutani ukidanganya watu."

Siku ya Alhamisi Hulda aliandika tena kwa usafi. Jemutai alimwambia amtafute mtu ambaye hakuwepo walipoandika, asome bila kuelezwa kitu. Akishindwa kuelewa, kosa ni la ukurasa, si la msomaji. Hulda alimpelekea Nduta.

Nduta alifuta mikono, akasoma. Akasimama. Akasoma tena mstari wa juu.

"Kumbe wewe ndio unaitwa Hulda?"

"Ndiyo."

"Miaka mitano tumechota maji pamoja!" Kisha uso wa Nduta ulibadilika. "Woi. Mimi niliona ile karatasi ya msiba sokoni. Nikasema pole kwa huyo mama, nikaenda zangu." Alimshika Hulda mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama viganja. "Na kumbe kulikuwa na watu wanafikiri ni wewe."

Nduta alionyesha kosa moja. Maneno ya siku za kazi hayakueleweka vizuri. Hulda akayafupisha.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Miaka hiyo karatasi ilikuwa kitu cha kuogopwa. Serikali iliwinda karatasi za siri za siasa, na watu waliwahi kuulizwa maswali mazito na polisi kwa sababu ya karatasi isiyo na mwenyewe. Jemutai alisema hawatabandika chochote bila kupita kwa chifu.

Ofisi ya chifu ilikuwa na madirisha madogo na harufu ya mafuta ya taa. Chifu aliushika ukurasa, akamtazama Hulda muda mrefu bila kupepesa macho.

"Nani amekuandikia hii?"

"Nimeandika mwenyewe, mzee. Mwalimu amenisahihisha tu."

"Soma."

Hulda alisoma wote, kidole kikifuata herufi. Alipomaliza, chifu alikuwa bado anamtazama. Hata karani alikuwa ameacha kuandika.

"Mimi niliambiwa huyu amekufa," chifu alisema hatimaye.

"Hata mimi niliambiwa, mzee."

Karani alikohoa kuficha kicheko. Chifu hakucheka, lakini alivuta muhuri. "Hii ina jina la mwenyewe, kazi yake, nyumba yake na tarehe. Hii sina shida nayo. Uombe ruhusa kwa kila mwenye ukuta." Akagonga muhuri.

Mzee Kimeli, mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyokuwa jirani, alikubali watumie mashine ya shule ya kurudufu karatasi, bora walete karatasi zao wenyewe. Jemutai alimwonyesha Hulda stensili, karatasi laini yenye nta. Ukiandika juu yake kwa kalamu ya chuma, nta inakatika na wino unapita hapo.

"Usikandamize sana, itachanika. Usiguse kidogo sana, haitatoka. Na ukikosea kuna dawa hii nyekundu. Paka, ngoja ikauke, andika tena."

Hulda alikosea mara mbili. Dawa ilinuka mpaka machozi yakamtoka. Juu kabisa alichora sweta, ukosi na mikono na mistari ya kifuani. Alijua kuchora sweta kuliko kuandika.

Kisha walifunga stensili kwenye pipa la mashine. Kimeli alimwonyesha mpini. "Zungusha mwenyewe, mama. Ni yako."

Hulda alizungusha. Karatasi ya kwanza ilitoka hafifu. Ya pili ilitoka nyeusi, safi. Hulda Obiero. Akazungusha. Hulda Obiero. Hulda Obiero. Jina lake lilitoka chini ya pipa tena na tena, likalala juu ya jina lake. Nywele za shingo zilimsimama. Ilikuwa kama kuita mtu ndani ya nyumba tupu, bila kujua kama ni yeye atakayeitika. Alizungusha mpaka arobaini, akaacha mpini.

"Vipi?" Jemutai aliuliza.

"Ni nyingi," Hulda alisema. "Sijawahi kuwa wengi hivi."

Walibandika mjini, Kimumu na Moiben, kanisani na kwenye vinu vya mahindi, kila mahali kwa ruhusa. Pale sokoni Hulda aliuweka ukurasa wake kando ya tangazo la msiba. Karatasi hizo mbili zilikaa bega kwa bega, jina lilelile mara mbili. Alizitazama, akaondoka haraka.

Siku nne hazikuleta mtu. Siku ya tano wanawake wawili walisimama mbali na mlango wa kijani. Hulda aliwaona kupitia dirishani. Walikuwa wakisikiliza mashine. Alitoka nje.

"Sema kitu," mmoja alimwambia. Alikuwa Mama Kipyego.

"Niseme nini? Masweta yako manne yamekaa mpaka yamepata vumbi."

Mama Kipyego alisogea. Alinyoosha mkono, akamgusa Hulda kwa ncha za vidole, kisha akaushika mkono wote. "Una joto," alisema, akaketi palepale chini, akafunika uso kwa kitambaa. "Mimi nilikuletea sukari, Hulda. Niliiweka mlangoni nikakimbia. Haki nilikuwa nakupenda, lakini niliogopa."

Baada ya siku hiyo Moiben walirudi. Wengine walikuja kwa mara ya kwanza, wakasema njia ilikuwa rahisi. Walifuata ukurasa tu, mstari kwa mstari, mpaka wakasikia krrr. Walimu wa Kimumu walirudi pia. Githinji alituma bunda la uzi wa bluu pamoja na salamu za aibu.

Hulda alifikiri mambo yamekwisha.

Mwezi wa nane, mchana, ukungu ulirudi baada ya mvua. Alisikia sauti njiani ikiita, "Hulda!" Haikuwa sauti ya mteja. Ilikuwa sauti ya mtu anayeita mtoto wake arudi nyumbani. Hulda aliitika kabla ya kufikiri, akafungua mlango.

Alisimama mwanamke mzee, miguu imejaa matope mpaka magotini. Mkononi alikuwa na ukurasa wa Hulda. Alimtazama. Kitu fulani usoni mwake kilizima polepole, kama taa inayoishiwa mafuta.

"Si wewe," alisema kwa Kijaluo.

Hulda alielewa mara moja. "Ingia, mama," alimjibu kwa lugha hiyohiyo. "Ingia ukae."

Mama huyo aliitwa Dorsila. Alitoka upande wa ziwa. Alikuja kuchukua sanduku la nguo la binti yake huko Kimumu, na mtu akamsomea ukurasa uliobandikwa kwenye kinu. Yule mtu alisoma tu kwamba Hulda Obiero yuko, na njia ya kumfikia.

"Nilijua," Dorsila alisema. Alishika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili. "Nilimwosha kwa mikono hii. Nilimwona akifunikwa udongo. Lakini niliposikia jina, miguu ilikuja yenyewe. Sikuweza kuikataza."

Hulda alipiga magoti mbele yake. "Mama, nisamehe. Karatasi yangu imekukosea."

"Ilisema uongo?"

"Haikusema uongo. Ilisema nusu. Haikusema mimi ni Hulda yupi." Aliona wazi sasa. Kosa lililomuumiza yeye ndilo alilolirudia. Naye pia aliacha mahali pakiwa wazi, na mama wa watu akapajaza kwa tumaini.

Walikaa mpaka Seline aliporudi shule. Dorsila alimsimulia Hulda habari za binti yake. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa mpishi wa shule huko Kimumu. Aliugua siku nne tu. Alikuwa akiimba jikoni, na watoto walisikia wimbo wakajua chakula kimeiva.

"Nitabadilisha ukurasa," Hulda alisema. "Nitaandika kwamba mimi ni mke wa Jackson, mama ya Seline, nisifananishwe tena na yeye."

Dorsila aliukunja ukurasa aliokuja nao. Kisha akasema, "Na yeye je? Ile ya ukutani imelowa. Hakuna mahali pengine ameandikwa. Kama una nafasi, hata chini kabisa, naye aandikwe."

Alhamisi iliyofuata Hulda alimweleza Jemutai yote. Mwalimu aliketi naye meza moja mbele ya stensili mpya. "Hakuna ukurasa unaotoka sawa mara ya kwanza," alisema. "Ndiyo maana kuna stensili ya pili. Kosa ni kuona kasoro na kuuacha ukutani." Waliziondoa karatasi za zamani zote, wakabandika mpya. Hulda aliweka utaratibu: kila miezi mitatu angeandika upya tarehe, na kuondoa yasiyo kweli tena.

Kufikia Desemba masweta ya shule yalikuwa mengi hata akamfundisha Nduta kufuma, na Nduta akawa anashughulikia mikono na ukosi. Jackson aliporudi safari alikuta wateja wameketi uani, wengine wamekuja na ukurasa mfukoni. Wanawake wanne wa ngumbaru walianza kuandika kurasa zao, mmoja wa mayai, mmoja wa kusuka nywele.

Mwezi huo Hulda na Jemutai waliketi tena na stensili mpya. Sasa kulikuwa na kofia za watoto pia, na nafasi haikutosha.

"Lazima kitu kitoke," Jemutai alisema. Alionyesha chini kwa penseli. "Labda hii mistari ya mwisho? Watu wameshajua kuna Hulda wawili."

"Hapana," Hulda alisema. "Toa picha ya sweta. Andika kofia hapo."

"Ulipenda sana hiyo picha."

"Nilipenda. Toa."

Walipeleka stensili kwa Mzee Kimeli. Hulda alizungusha mpini. Juu ya ukurasa lilitoka jina lake, mke wa Jackson, mama ya Seline, fundi wa masweta na kofia, Langas, mlango wa kijani. Na chini, kwa herufi ndogo zilizonyooka, yalitoka maneno haya:

Hulda Obiero, binti wa Dorsila, mpishi wa shule, Kimumu. Alifariki Juni 1987. Alikuwa akiimba jikoni.